Maua Kumi na Moja Nyuma ya Ghala

Ndugu, jamaa na majirani mliofika leo, tarehe 9 Septemba 2024, hapa makaburini Andijk, familia imemtuma Reijer, mtoto pekee wa marehemu aliye hai, awasomee maisha ya mama yake, na kabla hajaanza anawaomba mvumilie mpaka mwisho, kwa sababu kuna sehemu ambayo marehemu mwenyewe aliagiza isomwe, na sisi, mwanawe na wajukuu, tungefurahi kama isingekuwapo.

Marehemu Dieuwertje Mantel, ambaye kabla ya kuolewa aliitwa Kooiman, alizaliwa tarehe 14 Aprili 1938 hapa hapa Andijk, katika nyumba iliyo chini ya tuta la ziwa, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Teunis Kooiman na Bi Maartje, akafuatiwa na mdogo wake Jelis mwaka 1942, ambaye yuko nasi, ameketi kiti cha kwanza upande wa kushoto. Majira ya baridi ya mwisho ya vita, watu wa mjini walipokuja na baiskeli zisizo na mipira kutafuta chochote cha kutia tumboni, na mzee Teunis akawa anawagawia vitunguu vya maua, vile vya tulipu vinavyolika, wakachemshe, marehemu, akiwa na miaka sita tu, alimwona mama mmoja kutoka Amsterdam akijaza mfuko kutoka kwenye sanduku lisilo la kugawiwa, akamshika mkono na kumwambia, "Mama, hivyo rudisha, hivyo vinanuka mbweha, ukila hufiki nyumbani," na yule mama akanusa, akavirudisha. Vilikuwa vitunguu vya ua liitwalo taji la kaisari, ambavyo kweli ni sumu, na hivyo ndivyo vilivyokuja kuwa kazi yake, fahari yake, na pia aibu yake.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 1944 hadi 1952, kisha akapelekwa Enkhuizen kujifunza mapishi na ushonaji kwa miaka miwili, masomo ambayo kwa maneno yake mwenyewe yaliingilia sikio moja na kutokea jingine, kwa maana hadi anafariki hakuwahi kushona kifungo kikakaa wiki.

Mwaka 1954 alianza kazi ya kumenya vitunguu vya maua kwenye maghala, na tarehe 4 Mei 1959 aliingia rasmi katika kazi ambayo wengi wenu mnamjua nayo, kazi ya kutafuta wagonjwa, yaani kupita shambani mstari kwa mstari, mgongo umepinda, akitafuta jani lenye michirizi myeupe, na akiliona anachimba mmea mzima pamoja na udongo wake na kwenda kuutupa, kabla vidukari, wale wadudu wadogo wa kijani, hawajaubeba ugonjwa kuupeleka kwa mmea wa jirani. Alitembea na mwavuli mweusi, akiufungua jua linapowaka, kwa sababu michirizi huonekana vizuri kivulini, na hakumwonea haya mtu, awe tajiri au maskini, awe mwajiri wake au ndugu yake, hata wenye mashamba wakawa wanataniana, "Ficheni na wake zenu, Dieuwertje anapita, akiona doa anang'oa!" Naye alicheka, lakini aling'oa.

Tarehe 9 Novemba 1962, vitunguu vyote vikiwa vimeshaingia ardhini, maana hapa hakuna anayeoa kabla ya hapo, alifunga ndoa na Gerbrand Mantel, fundi mashua, mtu mpole aliyekuwa hajui kitunguu cha ua wala cha kula. Mwaka uliofuata Gerbrand, akitaka kumfurahisha mkewe, alimpandia mataji ya kaisari mia tatu peke yake, akiyasimamisha wima kama tulipu, na kwa kuwa kitunguu hicho kina tundu juu, pale shina la mwaka uliopita lilipotoka, mvua ya miezi mitatu ilijaa humo, na ilipofika Machi alikuwa anachota uji. Marehemu hakumfokea, alimwita tu aje ashike, akamwambia, "Bwana wee, hiki hulazwa ubavu, tena juu ya mchanga, maji yapite. Ungelala wewe kinywa wazi chini ya mfereji, ungeamka?" Gerbrand alisimulia kisa hicho mwenyewe kila sherehe mpaka alipofariki tarehe 22 Januari 2009, na hakukitia chumvi, kwa kuwa hakikuhitaji.

Katika ndoa yao Mungu aliwajalia watoto wawili, Neeltje, aliyezaliwa tarehe 2 Februari 1964, na Reijer, aliyezaliwa tarehe 19 Septemba 1967. Mwezi Agosti 1971, Neeltje alimsaidia mama yake kupasua ganda la mbegu za taji la kaisari na kuzipanda kwenye sanduku la mbao, akaambiwa kwamba ua la kwanza litaonekana baada ya miaka sita au saba, akauliza, "Mimi nitakuwa na miaka mingapi, mama?" wakahesabu pamoja kwa vidole. Tarehe 27 Novemba mwaka huo huo alifariki kwa homa ya uti wa mgongo, baada ya kuugua siku mbili. Mbegu ziliota Machi iliyofuata.

Marehemu hakusema mengi juu ya miaka hiyo. Tunachojua ni kwamba kati ya miche ile alichagua mmoja tu, uliochanua kwa mara ya kwanza tarehe 16 Aprili 1978, wa rangi ya siagi wenye mishipa ya kahawia pembeni mwa kila ua, akaitupa mingine yote, na huo mmoja akauzalisha polepole, kwa kukata kitunguu na kungoja, kukata na kungoja, hata kufikia mwaka 1986 akawa na mimea kumi na moja, nyuma ya ghala, kando ya mtaro. Hakuwahi kuiuza, hakuwahi kuiandikisha jina, na sisi nyumbani tuliiita ya Neeltje. Ng'ambo ya mtaro lilikuwa shamba la mjomba Jelis, mataji ya kaisari ya kuuza, mistari arobaini.

Hapa ndipo inapoanza sehemu aliyoiagiza, na tunaisoma kutoka maandishi ya mkono wake nyuma ya kalenda, bila kupunguza.

Tarehe 6 Mei 1986, saa nne asubuhi, marehemu aliona michirizi kwenye majani matatu ya mimea ya Neeltje. Alijua ni nini kabla hajafungua mwavuli, alijua pia kwamba kama mmea ungekuwa wa mtu mwingine yeyote, yeye mwenyewe angemwamuru aung'oe saa hiyo hiyo, na angesimama pale mpaka ung'olewe. Alikata yale majani matatu, akayachoma kwenye jiko, akafunga mlango wa ghala, hakumwambia mumewe, hakumwambia mtu. Mwaka 1987 akafanya vivyo hivyo, majani yakiwa mengi zaidi. Ameandika, "Nilijua ni kosa kila siku niliyoamka."

Tarehe 11 Mei 1988, mdogo wake Jelis alimwita apite shambani mwake kabla wakaguzi hawajafika, naye alipita, akakuta ugonjwa umetapakaa, mbaya zaidi kwenye mistari ya kando ya mtaro. Jelis alisimama mbele ya vibarua sita, kofia mkononi, akamuuliza, "Dada, huu umetoka wapi jamani? Mimi mwaka mzima nimekagua." Na marehemu akamjibu, kwa sauti ya kusikika na wote, "Umetoka kwenye vile vitunguu ulivyonunua kwa watu usiowajua. Nilikuonya. Wewe macho yako yako kwenye kuku." Vibarua walicheka. Wakaguzi walilikataa shamba lote, Jelis akang'oa mistari arobaini na kuifukia kwa chokaa, na hakupanda ua tena maishani mwake, akaenda kuendesha lori la maziwa kwa miaka kumi na tisa, na jina la mkulima mzembe likamganda, mpaka leo wapo hapa waliokuwa watoto zamani ile na wanalijua.

Marehemu aling'oa ile mimea kumi na moja wiki hiyo hiyo, akaichoma. Kwa hiyo hakubaki nayo, na mdogo wake hakubaki na shamba.

Ameandika pia kwamba lililomuumiza zaidi ni wema wa Jelis, aliyeendelea kuja kila Krismasi na koliflawa mbili kwapani, na kila mtu alipolitaja lile shamba yeye mwenyewe ndiye aliyemtetea dada yake, akisema, "Alinionya. Mimi ndiye sikusikia." Kwa miaka thelathini na sita marehemu aliyasikia maneno hayo, akamkaribisha kahawa, na akanyamaza.

Huo ndio mwisho wa maandishi yake juu ya jambo hilo.

Baada ya kustaafu mwaka 2003, kila Septemba marehemu aliweka meza mbele ya nyumba, barabara ya chini ya tuta, akiwauzia watu vitunguu vya bustani za nyumbani, na wengi wenu bustani zenu zimetoka kwenye meza hiyo. Hakuwa muuzaji mwenye maneno matamu, kwa maana mama mmoja aliyekuwa akitafuta kikubwa kuliko vyote aliambiwa, "Unachagua kitunguu au boga? Hicho kimejaa maji, weka chini, chukua hiki kidogo kizito." Aliwafundisha kwamba taji la kaisari lizikwe shimo la kina cha shubiri, kwamba maua yale madogo yenye madoadoa kama ubao wa dama yapandwe kwenye nyasi zenye unyevu na yasiachwe yakauke hata siku mbili, kwamba harufu ya mbweha hailetwi na mbweha na mtu asimsingizie mbwa wake, na Septemba ikiisha alifunga meza hata kama mteja amesimama, akisema kilichokaa nje mpaka Oktoba hakiuzwi kwa rafiki.

Afya yake ilianza kuzorota mwezi Februari 2024, na tarehe 18 Juni madaktari wa hospitali ya Hoorn walimwambia kwamba ni saratani ya kongosho na kwamba haina tiba, akawashukuru, akaomba arudishwe nyumbani. Mwezi Julai alimwita mwanawe, akampa ile kalenda, na Reijer aliposoma alimsihi sana, akasema, "Mama, mwite mjomba, mwambie hapa chumbani, mlie, yaishe." Marehemu alitikisa kichwa. "Nilimsema mbele ya watu," alisema, "nitamsafisha mbele ya watu. Chumbani ni kunirahisishia mimi." Reijer alikasirika, na anakiri kwamba siku mbili hakuzungumza naye, kwa sababu alimwona mama yake anamwachia mwanawe mzigo, kisha akarudi, kwa kuwa siku zilikuwa chache. Alifariki nyumbani kwake tarehe 3 Septemba 2024, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka 86, ameacha mtoto mmoja, wajukuu watatu na kitukuu mmoja.

Familia inamshukuru Daktari Wietske Hoogland na wauguzi waliomhudumia nyumbani, kwa kumpunguzia maumivu na kwa kuvumilia masahihisho yake, tunawashukuru majirani wa barabara ya tuta walioleta supu, mkate wa zabibu na viti, tunawashukuru pia wenzake wa mashambani, wale wachache waliobaki, ambao walikuja kumsalimu kila Alhamisi na kubishana naye juu ya majani mpaka wiki ya mwisho.

Na tunamshukuru mjomba Jelis. Hatukuweza kukubali asikie haya kwa mara ya kwanza akiwa kati ya umati, hapo tu ndipo tulipomvunjia marehemu agizo lake, tukamwendea tarehe 5 Septemba na kumsomea mezani kwake. Alisukuma kikombe chake cha kahawa kando. Kisha akauliza, "Yalikuwa mangapi, yale ya mtoto?" Tukamwambia kumi na moja. Akasema, "Kumi na moja tu. Sasa si angeniambia? Ningeng'oa mistari yangu yote ya upande wa mtaro, hata ishirini, yeye abaki na maua ya Neeltje. Mimi si nilimbeba yule mtoto mabegani?" Hapo alilia, nasi tukalia. Tulipomuuliza kama tusisome, alijifuta uso akajibu, "Someni. Nina hasira naye, tena kubwa, na hayupo nimgombeze. Lakini someni yote, na mkimaliza asimseme mtu. Kumsema ni haki yangu, nami sijaamua."

Jelis Kooiman hakuwa mkulima mzembe. Mashamba yake yalikuwa safi, na ugonjwa ulitoka kwa dada yake.

Mama, limesomwa lote, na watu wamesikia, pumzika sasa. Nawe mjomba, hatujui umeamua nini na hatutakuuliza, ila koleo hili hapa, na udongo wa kwanza hatutii sisi.