Jina Nililomnyima Mjukuu Wangu

Sifa zimrudie Mungu, ndugu zangu. Mkiniruhusu nitatoa ushuhuda wangu nikiwa nimekaa, maana goti langu la kulia limeamka vibaya leo, na mchungaji amesema nisikatize maneno. Wengi wenu mnanijua. Mimi ni Mama Kendi, yule wa kibanda cha chai kando ya soko la mifugo. Ambao hamnijui huenda mmesikia habari zangu, na habari zangu kwa kawaida zinachekesha. Leo naomba msicheke sana kabla sijamaliza.

Sikuja kuwaambia kwamba nilikuwa mlevi nikaacha, ama kwamba niliugua hadi madaktari wakashindwa. Ushuhuda mkubwa hivyo sina. Mimi nilichoshwa na mambo madogo. Leo hili, wiki ijayo lile, miaka minne hivyo hivyo. Ndugu zangu, ukipatwa na jambo kubwa watu wanakuja kukaa na wewe. Ukipatwa na dogo unashika ufagio, unafagia peke yako, na kesho unarudi kazini.

Wacha niwape machache. Kuna upepo wetu wa kiangazi, ule wa mchanga. Nilikuwa nakanda unga nikaona mwanga umezidi, nikainua macho, naona mbingu. Mabati yote mawili yalikuwa yameenda kutua kwa boma la jirani. Mwezi haujaisha, mbuzi akaponyoka mnadani, akaingia kwangu na kuangusha sufuria ya maharagwe niliyoyachemsha tangu alfajiri. Mwenye mbuzi alimshika mbuzi wake akaenda zake, hata pole sikupata. Kisha soko likafungwa kwa karantini ya ugonjwa wa mifugo, na wateja wangu wote ni wafugaji na madalali. Nilikaa wiki sita nikitazamana na birika.

Halafu kuna zile chapati. Akina mama wa kanisa hili walikuwa na mkutano Ngaremara, nikaombwa nipike. Nilizipanga kwa beseni, nikazifunika kwa kitambaa kizuri, nikamwambia mtu wa boda apeleke kwa kanisa lenye watu wengi. Siku hiyo kanisa lenye watu wengi lilikuwa na mazishi. Wafiwa walikula chapati zangu, wakamwombea mpishi baraka bila kumjua, na akina mama wetu wakashinda na chai tupu. Mwenyekiti wao amekaa pale mbele ananiangalia, na naona bado hajanisamehe vizuri.

Lakini iliyoniuma zaidi ni ya maziwa. Yuko mama wa Kiborana anaitwa Habiba, ndiye huniletea maziwa ya ngamia, maana wafugaji chai yao wanaitaka hivyo. Mengine huyapakia kwa basi yaende Nairobi. Huyu mama alinipokea nikiwa mgeni hapa Isiolo, nimetoka milimani sijui kusalimia mtu. Siku moja aliacha mitungi yake mitupu kwangu, akaenda kupumzika kidogo. Nikanusa ndani, nikasikia moshi. Sisi Wameru, chombo cha maziwa chenye harufu ya moshi tunaona kimechafuka. Nikasema leo nitamtendea mama huyu wema. Nikaiosha mitungi yote kwa sabuni ya unga, ile yenye harufu ya maua, nikasugua mpaka mikono ikabadilika rangi.

Wenye kujua mmeshaanza kushika vichwa. Ule moshi ndio kazi yenyewe. Mitungi ile hufukizwa kwa makaa ya mti maalum ili maziwa yakae na yawe na ladha ambayo wateja wanaijua. Kesho yake, kabla Habiba hajagundua, vijana wake walishajaza maziwa na yakapanda basi. Huko Nairobi yalikataliwa yote. Wateja walisema wanaletewa maji ya kufulia. Habiba alikuja kwangu, akaniuliza kwa upole ni nani aliyeigusa mitungi yake. Nikakiri ni mimi, huku nikitamani ardhi ifunguke.

Ndugu zangu, hapo ndipo muuza nyanya wa jirani aliponiambia, akicheka, "Mama Kendi, wewe uko na mkosi. Hata tukikusalimia asubuhi lazima tunawe." Alikuwa ananitania tu. Mimi nililichukua neno lile nikaenda nalo nyumbani, na halikutoka tena.

Nilianza kuishi kama mtu mwenye mkosi. Asubuhi sikuenda dukani mpaka nihakikishe mwenye duka ameshauzia mtu mwingine, nisije nikawa mteja wake wa kwanza nikamharibia siku. Hapa kanisani nilihamia kiti cha nyuma karibu na mlango. Mkiniombea niliinamisha kichwa na kufunga macho, lakini ndani hakukuwa na maombi yoyote. Nilichoka kuomba. Niliona kama kila nikitaja kitu mbele za Mungu, ndicho kinachovunjika kesho yake. Nikanyamaza ili visije vikavunjika vilivyobaki.

Sasa sikieni nilifika wapi. Binti yangu Kendi alikuja kujifungua karibu na mimi, kwa sababu mume wake ni mwalimu kule Garbatulla na barabara ya huko si ya kubeba mja mzito. Akajifungua salama, mtoto wa kike, wa pili. Mnajua desturi yetu Meru. Msichana wa kwanza, aliyebaki na baba yake Garbatulla, alichukua jina la mama ya mume. Huyu wa pili jina lake ni la mama ya Kendi, yaani langu mimi, Karimi. Nyanya hulisubiri jina hilo kwa miaka. Ni kama kuambiwa hutaisha.

Kendi alinyoosha mikono hapo kitandani, akasema, "Mama, shika Karimi wako."

Nilirudi nyuma. Nilimwambia mtoto asiitwe Karimi. Nilimwambia amtafutie jina lingine, la shangazi, la mtu yeyote ambaye mambo yake yanaenda. Nilisema jina langu lina mkosi na sitaki limwingie mtoto ambaye hajakosea chochote. Wala sikumshika. Kendi alilia, na mimi niliondoka nikaenda kufua nguo.

Ndugu zangu, kwa wiki tano mjukuu wangu alikaa nyumbani kwangu na sikumbeba. Nilipika uji, nilichota maji, nilifua nepi zake. Akilia nilimwita mama yake. Kwenye kitabu cha kliniki mahali pa jina paliandikwa "Mtoto wa Kendi" tu, maana Kendi alikuwa mkaidi kama mimi. Alisema jina la mtoto liko, mwenye kulitoa ndiye anakataa. Nilimpenda mtoto huyo mpaka kifua kikauma, na nilimpenda kutoka upande wa pili wa chumba.

Habiba alikuja kumwona mzazi, amebeba maziwa, mtungi umefukizwa vizuri. Alibeba mtoto, akamsomea dua zake, kisha akanyoosha mikono anipe. Nikakataa. Akauliza kwa nini. Kendi akamweleza, na mimi nikaona aibu kama mtoto aliyeshikwa na sukari mdomoni.

Habiba alinitazama sana. Akasema, "Mama Kendi, ile siku ya maziwa, wewe unasema mkosi. Mimi nasema sabuni."

Nikamwambia langu halikuwa la sabuni peke yake. Nikamtajia mabati. Akaniuliza, "Misumari ilikuwa ngapi?" Mimi mwenyewe ndiye niliyemwambia fundi apunguze misumari. Nikamtajia karantini. Akasema, "Hiyo karantini ilifunga wewe peke yako? Mimi mbuzi yangu yote ilikaa nyumbani." Nikamtajia mbuzi na maharagwe. Akasema, "Mbuzi ni mbuzi." Chapati za Ngaremara sikumtajia. Nilikuwa nimeshaona zinaelekea wapi.

Halafu akasema kitu kingine, na sauti yake ilikuwa imechoka kama yangu. "Ile kiangazi ndefu ilimaliza ngamia yangu saba. Watu walisema mimi pia niko na mkosi. Nikilala, nikiamka, nilikuwa naita Mungu tu, hata bila kusema nataka nini. Wewe ita Mungu yako." Akanywa chai yake, akaenda.

Ningependa kuwaambia kwamba hapo hapo nilifunguliwa. La. Nilijua amesema kweli, na bado mikono yangu ilikataa. Kujua ni kitu kimoja.

Siku nne baadaye Kendi aliamka titi limevimba kama jiwe, anatetemeka, hawezi kuinuka. Na mtoto alikuwa na homa. Nilimgusa paji la uso kwa ncha ya kidole, nikashtuka jinsi alivyochemka. Hapakuwa na mtu mwingine nyumbani. Jirani alikubali kukaa na Kendi, lakini alikuwa na watoto wake wawili wadogo, hangeweza kwenda kokote. Ndugu zangu, ilibidi nimbebe.

Nilimfunga kifuani kwa leso nikatembea kwa miguu mpaka kliniki, maana boda niliiogopa, nikiwaza mkosi wangu na lami. Njia nzima nilikuwa naambiwa ndani yangu, umeona sasa, hujamshika hata saa moja na tayari anaungua. Kwamba homa ilianza kabla sijamgusa, sikuweza hata kulifikiri. Mtu akichoka vile, hesabu rahisi inamshinda.

Kwenye benchi tulikuwa wengi. Watoto wanne mbele yangu walikuwa na kikohozi kile kile na homa ile ile, na mama zao hawakuwa na mkosi wowote, walikuwa na watoto wagonjwa. Nikafunga macho. Nilikuwa sijaomba kwa moyo kwa muda mrefu, sikujua hata nianzie wapi. Nikasema, "Mungu, nimechoka. Huyu hapa." Hayo tu. Sikusikia sauti, wala mwili haukusisimka kama wengine wanavyoshuhudia. Lakini mtoto alikuwa amelala juu ya kifua changu, mzito, pumzi yake ya moto inapiga shingo yangu, na nikagundua kwamba nimeacha kuogopa kumshika. Nilikuwa naogopa kumwachilia.

Tukaitwa dirishani. Karani hakuinua macho. Alifungua kile kitabu, akaona pale pa jina, akauliza, "Huyu mtoto haitwi kitu?"

Ndugu zangu, nilisimama pale. Nyuma yangu foleni inasukuma. Goti linauma. Nikaivuta leso, nikamfunika mtoto mabega. Karani akainua macho sasa, akauliza tena, "Anaitwa nani, mama?"

Nikasema, "Karimi."

Akaandika. Akauliza jina la nyanya aliyemleta. Nikasema, "Karimi." Akatabasamu kidogo, akaandika tena. Nilitoka hapo dirishani nikilia, na wale mama wa foleni walidhani nimeambiwa habari mbaya, wakanipa nafasi nikae.

Homa ilishuka siku ya tatu. Kendi naye alipona, na mume wake amekuja kuwachukua. Ndio wale wamekaa karibu na dirisha. Siwadanganyi, mambo yangu hayajanyooka. Jana tu gesi iliisha katikati ya mandazi. Bado nachoka, na kuna asubuhi naamka nikiwa nimechoka tayari. Lakini nilifunguliwa, ndugu zangu. Nilifunguliwa kutoka kwa lile neno nililolibeba kama jina langu, wakati jina langu ninalo.

Namshukuru Mungu aliyenisikia nikiwa sina maneno. Namshukuru pia yule mama wa Kiborana, ambaye leo hayuko kwenye nyumba hii lakini anajulikana mbinguni. Na kama yuko hapa mtu aliyekaa kiti cha nyuma karibu na mlango, ambaye mambo madogo yamemmaliza mpaka anaogopa kugusa anachokipenda, mimi simwambii kesho yatakuwa rahisi. Namwambia amtumaini Mungu akiwa amechoka vile vile. Nenda mbele zake na maneno mawili kama huna zaidi. Na yule unayemkimbia kwa ajili ya mapenzi, mchukue.

Kendi, niletee mtoto hapa mbele. Siwezi kusimama, mnaona goti, lakini nataka kanisa limwone nikiwa nimemshika. Basi, ndugu zangu, huyu ndiye Karimi.