Fundi Pumzi, Mkunja Neoni wa Maduka ya Maua

Marehemu alizaliwa Jumanne, tarehe 9 Machi 1948, saa mbili asubuhi, katika chumba cha nyuma cha duka la maua la wazazi wake. Mkunga alichelewa. Mama yake alisimulia maisha yake yote kwamba mtoto alipokelewa na mwanamke aliyekuja kuchukua maua ya harusi, akanawa mikono kwenye ndoo ya dukani, akafanya yaliyopasa kufanywa, kisha akadai maua yake na kwenda zake. Marehemu alikuwa mzaliwa wa kwanza. Mdogo wake, wa kike pia, alizaliwa mwaka 1955, na wazazi hawakujaliwa mwingine.

Marehemu alipokuwa na miaka mitano, baba yake aliweka bango la neoni juu ya mlango wa duka. Lilikuwa na waridi jekundu, majani mawili ya kijani, na chini yake neno MAUA. Hapakuwa na jingine mtaa ule. Wateja walipewa maelekezo kwa bango hilo, na hata waliokwenda kwa fundi viatu wa jirani waliambiwa, "Ukiona waridi, umefika."

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1955 hadi 1962, kisha sekondari ya wasichana hadi Novemba 1966. Hakuwa wa kwanza darasani wala wa mwisho. Ripoti moja ya mwalimu wake wa hesabu imehifadhiwa, nayo inasema: "Mwandiko safi. Mwili uko darasani, akili iko dirishani."

Mwaka huohuo aliomaliza shule, jani moja la bango lilizimika. Fundi aliyetengeneza bango hilo akaja, akalifungua jani, akaondoka nalo chini ya kwapa. Marehemu alimfuata mpaka karakana yake, mitaa mitatu nyuma ya duka, akabaki huko tangu saa nne asubuhi mpaka jioni. Aliporudi, baba yake alikuwa mlangoni, mikono kiunoni.

"Umekuwa wapi na maua ya watu yananyauka?"

"Nilikuwa naangalia kioo kinavyolainika, baba."

"Kioo hakiliwi, binti yangu."

"Na maua je, baba? Huwa tunayala?"

Baba alijitahidi kukasirika, akashindwa. Tarehe 16 Januari 1967 alimsindikiza mwenyewe karakana. Alimwambia fundi kwamba binti huyu ni mkaidi, na kwamba asirudishwe nyumbani kwa sababu hiyo, maana nyumbani wanajua tayari.

Kazi yenyewe inaweza kuelezwa kwa maneno machache. Neli ya kioo hupashwa moto kwenye kichomeo cha gesi mpaka ilegee kama unga wa chapati uliokandwa, kisha hukunjwa kwa mikono kufuata mchoro uliolazwa mezani. Kioo kilicholegea hupenda kubonyea. Ili kisibonyee, fundi huuma mrija wa mpira uliounganishwa na neli, akapuliza kidogo kidogo kila anapokunja. Akipuliza sana, kioo kinavimba. Akipuliza kidogo, kinajifunga. Mwisho hewa hunyonywa yote, ikatiwa gesi: neoni kwa rangi nyekundu, nyingine kwa buluu na kijani. Kwa miezi minane marehemu hakuruhusiwa kukunja chochote. Alinyoosha neli zilizopinda na kuungua vidole. Alipolalamika, mwalimu wake alimjibu, "Moto hauna shangazi." Maneno hayo aliyatumia baadaye kwa kila aliyemfundisha, na kwa mwanawe pia, hata katika mambo yasiyohusu moto.

Mwalimu wake alistaafu mwaka 1974 akamwachia karakana. Ni wakati huo mafundi umeme walipoanza kumwita Fundi Pumzi, kwa kuwa mrija haukumtoka mdomoni. Hata akizungumza na mteja aliuuma pembeni kama mzee na kiko chake. Alitengeneza mabango ya mikahawa, ya vinyozi na ya sinema moja, lakini sifa yake ilikuwa maduka ya maua. Kwa hesabu ya daftari lake alitengeneza mabango thelathini na moja ya aina hiyo, na hakurudia ua hata mara moja. Kuna tulipu iliyofunguka petali moja baada ya nyingine, na kuna birika la kumwagilia ambalo matone yake yalishuka kweli kweli, au hivyo ndivyo jicho lilivyodanganywa.

Alifunga ndoa tarehe 14 Agosti 1976 na mgawa barua wa posta. Walikutana kazini, yeye akiwa juu ya ngazi, bwana akiwa chini na barua ya kutiwa saini. Bwana alisubiri dakika ishirini, akasema hana haraka. Alikuwa na haraka, maana siku hiyo mtaa mzima ulipata barua zake jioni. Walijaliwa mtoto mmoja wa kiume, mwaka 1979.

Baba yao alifariki mwaka 1988, na duka likaenda kwa mdogo wa marehemu, ambaye ndiye aliyelifanyia kazi tangu shule. Hapakuwa na manung'uniko juu ya hilo.

Kuanzia mwaka 1992 maduka yalianza kuweka masanduku ya plastiki yenye taa ndani, na mabango ya neoni yakawa yanashushwa. La kwanza marehemu aliliokoa tarehe 3 Mei 1994. Mume wake alikuwa kwenye mzunguko wa barua alipoona vijana wawili na nyundo mbele ya duka la maua lililofungwa. Aliacha mfuko wake kwa muuza magazeti, akakimbia karakana. Marehemu alifika na aproni yake.

"Simameni hapohapo! Huo ni mkono wangu mnaoupiga nyundo."

"Mama, tumeambiwa tubomoe."

"Bomoeni ukuta. Ukuta sikuutengeneza mimi."

Vijana walicheka, wakamsaidia kulishusha. Lilifika nyumbani limefungwa kwa blanketi la kitanda. Mume wake alisema wake za wenzake huokota paka, wa kwake anaokota maua ya umeme. Lakini ndiye aliyeendelea kuleta habari za kila duka lililokuwa linafungwa, kwa kuwa alipita milango yote ya mji. Mpaka mwaka 2003 walikuwa wamehifadhi mabango kumi na matatu katika ghala la zamani la nafaka, kila moja na kadi yake: mtaa, mwenye duka, mwaka, nini ni cha asili na nini kimebadilishwa. Marehemu hakukubali kupaka rangi kutu wala kunyoosha bati lililopinda. Alisema bango lililokaa nje miaka arobaini lina haki ya kuonekana hivyo.

Sehemu inayofuata imo humu kwa ombi la mdogo wake, aliyetaka isomwe kama ilivyokuwa.

Bango la duka la wazazi wao lilianza kuharibika mwaka 2002. Maji ya mvua yaliingia kwenye transfoma, na mteja mmoja alipigwa na umeme aliposhika mlango. Hakuumia, lakini alipiga kelele zilizosikika mtaa mzima. Mdogo mtu alimwita dada yake aje aangalie. Dada aliahidi kuja. Aliitwa tena Januari, akawa anashusha bango upande wa pili wa mji. Aliitwa mara ya tatu Machi, akasema wiki ijayo. Tarehe 22 Aprili 2003 mdogo mtu aliita kampuni ya masanduku ya plastiki. Bango la zamani lilitupwa kwenye gari la vyuma chakavu, na kioo kikavunjika humohumo garini.

Marehemu alisikia kwa mumewe. Alikwenda dukani, akasimama katikati ya ndoo za maua.

"Umetupa mkono wa mwalimu wangu. Umetupa duka la baba."

"Duka la baba ni hili nililosimama ndani yake kila siku. Nilikuita mara tatu, dada. Mabango ya watu unayo nafasi nayo. Letu ndilo ulilokosa nafasi nalo."

Marehemu aligeuka. Alitoka, na hawakuzungumza kwa miaka kumi na miwili. Mume wake alikwenda kwenye yadi ya vyuma chakavu, akarudi na bati, jani moja zima, na vipande kwenye boksi la viatu. Boksi liliwekwa ghalani pamoja na mengine. Kwenye kadi yake marehemu aliandika: "Duka la baba. Kosa langu." Kadi hiyo hakumwonyesha mtu.

Mume wake alifariki tarehe 11 Oktoba 2009. Mashada yote ya mazishi yalitengenezwa na mdogo wa marehemu, ambaye aliyaleta mwenyewe asubuhi mapema, akayapanga, akatoka kwa mlango wa nyuma kabla dada yake hajaamka. Marehemu aliyatambua kwa namna yalivyofungwa. Alisema tu, "Bado anafunga kama mama," akaendelea na shughuli.

Mwezi Septemba 2015 alipata kiharusi. Mikono ilirudi baada ya wiki sita, lakini upande wa kulia wa mdomo haukurudi, na midomo haikuweza tena kukaza mrija. Alikuwa ndiyo kwanza amelaza mezani mchoro wa waridi la baba yake. Alijaribu kuufunga mrija kwa plasta, akajaribu pampu ya baiskeli, akavunja neli tano. Mwanawe alimkuta amekaa mbele ya kichomeo kilichozimwa. Alimwomba ruhusa ya kumpigia simu mama mdogo. Marehemu alisema, "Wewe piga kama unataka. Mimi sikukutuma."

Mdogo mtu alifika kesho yake na ndoo ya maua, kwa sababu hakujua aje na nini. Alikuta boksi la viatu wazi mezani, na kadi ndani yake. Aliisoma, akairudisha mahali pake.

"Nifanye nini?" aliuliza.

"Uma hapa. Nikisema puliza, puliza. Nikisema acha, acha."

"Ndiyo hivyo tu?"

"Ingekuwa hivyo tu nisingesomea miaka saba."

Ilichukua miezi saba. Mdogo mtu alifunga duka kila Jumatatu na Alhamisi akaja karakana. Majirani wanakumbuka walichosikia kupitia dirishani.

"Puliza. Taratibu! Unapuliza kama unazima jiko."

"Na wewe unaamuru kama baba."

"Baba alikuwa mpole kuliko mimi."

"Hilo nalo wajua?"

Walivunja neli kumi na nne. Ya kumi na tano ilikaa. Tarehe 2 Juni 2016, saa nne asubuhi, walitundika mablanketi madirishani wakawasha. Waridi liliwaka mara moja. Jani la zamani, lile la 1953, lilipepesa, likasita, kisha likatulia.

"Ni jekundu mno," mdogo mtu alisema.

"Ndivyo lilivyokuwa. Lilififia polepole, macho yetu yakazoea."

Mdogo mtu aliuliza kama litakaa ghalani. Marehemu alimjibu kwamba ghala ni la yasiyo na mlango wa kurudi, na hili mlango wake upo. Lilipandishwa juu ya duka tarehe 20 Juni. Transfoma ilifungwa na marehemu mwenyewe, naye alishika mlango kwa mikono miwili mbele ya majirani kuthibitisha kwamba hakuna atakayepigwa. Katika daftari aliandika: "Bati na jani moja, 1953. Mengine mapya. Mikono yangu, pumzi za mdogo wangu."

Mabango yaliyobaki ghalani, kumi na saba kwa jumla, yalikabidhiwa maktaba ya mji mwezi Machi 2019. Marehemu alitoa sharti moja, kwamba yawashwe kila siku. Mkuu wa maktaba alisema kuyaweka yamezimwa kungeyatunza zaidi. Marehemu alimuuliza kama vitabu vyake navyo huvitunza kwa kutovifungua. Sharti lilikubaliwa.

Moyo wake ulianza kudhoofika mwishoni mwa 2022. Alilazwa tarehe 17 Januari 2024. Siku ya pili wodini alimwita muuguzi akamwonyesha taa ya dari iliyokuwa inapepesa. "Hiyo inakufa kabla yangu," alisema. "Itafutie fundi, mimi nimeshapata wangu." Taa ilibadilishwa. Alikula vizuri kwa siku kadhaa, akaomba habari za maktaba, akamsahihisha mwanawe jina la mtaa mmoja. Alifariki Alhamisi, tarehe 8 Februari 2024, saa tatu kasoro kumi asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na mitano. Mdogo wake alikuwa kando ya kitanda. Walikuwa wakibishana kuhusu mwaka ambao mama yao alinunua cherehani, na marehemu alikuwa amesema, "Uliza mtu mwingine, wewe ulikuwa hujazaliwa."

Marehemu ameacha mtoto mmoja wa kiume, mkwe mmoja, wajukuu wawili, na mdogo wake wa pekee. Ameacha pia mpwa mmoja, anayesoma wasifu huu kwa niaba ya familia, na wanafunzi wanne, wanawake watatu na mwanamume mmoja, ambao sasa ndio wanaotunza mabango ya maktaba. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, wafanyakazi wa maktaba, na wenye maduka ya maua waliofunga leo ili wawe hapa.

Alifanya kazi yake, akakosea, akapatana na aliyemkosea. Apumzike sasa, kwa amani.