Mabati Yale Hayaendi kwa Ta Melkiory

Tarehe 30 Juni mwaka huu Ta Melkiory Rwegoshora, "Ta" yaani baba kwa heshima ya kwetu, anastaafu, baada ya kuitumikia shule yetu hapa Isingiro kwa miaka thelathini na minne. Sisi wa jikoni ndio tulioombwa tumwandikie maneno ya kusomwa leo ukumbini, kwa sababu chai ya saa nne alikunywa kwetu siku zote. Tumekubali. Ila asitegemee mtu kwamba tutaandika matamu matupu.

Alizaliwa Nyakatuntu. Alikuja mwaka 1991, kijana na nyundo yake, akaajiriwa fundi wa majengo. Madawati, milango, vitanda, hata mwiko wangu mkubwa wa ugali, vyote vimepita mikononi mwake. Siku moja ya kipaimara paa la ukumbi lilivuja juu ya mgeni wa heshima katikati ya wimbo. Ta Melkiory, besi ya kwaya yetu, alitoka na joho lake, akapanda, akaziba, akarudi amelowa chapachapa na kudaka ubeti wa mwisho bila kukosea. Mgeni alicheka mpaka akasahau hotuba.

Sasa tuseme lililotuudhi.

Mwaka 1992 shule ilileta mabati ya asbesto, yale ya saruji iliyochanganywa na nyuzi za mawe, ya kuezeka mabweni. Yeye ndiye aliyeyakata kwa msumeno, na kuyakata tena na kuyatoboa kila yalipopasuka, miaka na miaka. Hakupewa hata kitambaa cha kufunga puani. Alishuka mweupe kama aliyemwagiwa unga, wanafunzi wakamwita Ngano, naye akaitika. Jioni mkewe, Mama Salvina, alizikung'uta nguo zile uani kwa mikono yake.

Mwaka jana alianza kuhema akipanda ngazi. Mbavu za kulia zikamuuma, akakonda. Wakampima kifua kikuu mara kadhaa, hakuna. Wenye midomo wakasema yale wanayosema mtu akikonda. Nawajua, na leo mmekaa humu ukumbini. Ni madaktari wa Mwanza waliochukua kinyama kidogo kifuani, wakakipima, wakasema ni mesothelioma, saratani inayoletwa na vumbi la asbesto.

Mama Salvina alitueleza jikoni, nami naeleza kama nilivyoelewa. Kwenye mbavu za mbuzi, kwa ndani, kuna ule utando mwembamba unaong'aa. Mtu naye anao, umezunguka mapafu. Vumbi lile ni nyuzi ndogo zisizoonekana kwa macho. Ukizivuta, nyingine huzama mpaka kwenye utando huo, na mwili hauwezi kuziyeyusha wala kuzitema. Hukaa humo miaka thelathini, arobaini, mtu analima, anaimba, hajui. Kisha utando unaota saratani, unakuwa mnene, maji yanajaa kifuani, na pafu linabanwa lisiweze kutanuka. Maji wanayatoa kwa sindano, yanarudi. Dawa za kupunguza makali zipo. Ya kuuondoa ugonjwa kabisa, daktari alisema wazi kwamba hana.

Halafu, kwenye kikao cha zawadi mwezi uliopita, mhasibu wetu Bwana Elipidius akasimama na tabasamu. Mabweni yanaezekwa upya, akasema, basi mabati ya zamani apewe mstaafu. "Ajengee jiko, na mengine aanikie kahawa. Au mnataka yatupwe?" Watu wakapiga makofi. Makofi!

Ta Melkiory alifungua mdomo, pumzi haikutosha. Mama Salvina ndiye aliyejibu: "Yamemla baba yao kifua. Sasa yaje kuwala na wajukuu?"

"Mama, usikuze mambo. Ni bati tu."

Nolasco, dereva wa lori, aliinuka. "Kama ni bati tu, bwana mhasibu, kaezeke kwako Muleba. Mimi sipakii." Akatoka.

Na hakupakia. Mpaka leo yamelala nyuma ya jiko, karibu kabisa na pale ninapomlaza mwanangu nikipika. Nasema bila kuficha: yafunikwe turubai leo hii, asiyavunje mtu, waje wanaojua namna ya kuyazika. Hayaendi Nyakatuntu, wala kwa jirani anayeyamezea mate. Na iandikwe kwamba mtu huyu ameumizwa na kazi yetu, siyo kwamba "afya yake imezorota", kama ratiba ya leo inavyosema.

Ta Melkiory, watoto wa watu wamelala pakavu kwa sababu yako. Asante. Ukilala chali unabanwa, usiku unalala umeketi, kwa hiyo vijana wa karakana wamekutengenezea kiti cha kuegemea, nasi wa jikoni tumeshona mto wake. Hiyo ndiyo zawadi.

Nenda nyumbani, baba yetu, ukapumzike na Mama Salvina, na kila siku utakayopewa iwe njema. Lakini kwanza kwaya itaimba wimbo ule wa siku ya kipaimara, na besi ni yako. Pumzi ikikukatikia katikati ya ubeti, usione haya. Tutanyamaza wote, tukungoje.