Kitambaa Kisichofuliwa

Baba Askofu, uliyeziacha parishi zako nyingine zote Jumapili hii ukaja kwetu. Padre, mlezi wa parishi hii. Wazee wa Kanisa mkiongozwa na Fundi, ambaye cherehani yake imewavika karibu wote walioketi humu ukumbini. Mama zangu na dada zangu wa Umoja wa Mama. Wanakwaya, ambao hamjavua majoho na joto lote hili. Ndugu wageni waalikwa. Na wewe Chai Moja, uliyesimama kwenye dirisha la jikoni na birika mkononi, tafadhali usirudi ndani, maana maneno yangu ya mwisho yanakuhusu wewe. Nawasalimu nyote katika jina la Bwana aliyefufuka.

Kwa wageni wasiotujua, binti yule tunamwita Chai Moja kwa sababu katika miaka yote aliyotupikia hajawahi kumwongezea mtu kikombe cha pili, awe askofu awe nani. Na mimi wananiita Mama Vitambaa. Miaka thelathini na moja nimetandika madhabahu ya kanisa hili, nimefua na kupiga pasi kila kitambaa kilichowekwa chini ya kikombe cha Bwana. Maji ya kwanza ya kufulia vitambaa hivyo hayamwagwi kwenye mtaro. Humwagwa ardhini, pale nyuma ya sakristia, chumba chetu cha vyombo vya ibada, kwa sababu yamegusa divai iliyobarikiwa. Hapo nilipokuwa nikiyamwaga nyasi zimestawi kuliko kwingine kote, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini.

Leo mnaniaga. Mmenipa saa ya ukutani. Ni saa nzuri, nami nashukuru, ingawa nimejiuliza kama saa ndiyo zawadi ya kumpa mtu mliyemwambia muda wake umekwisha. Mnacheka. Chekeni sasa hivi, maana huko mbele sina mzaha mwingine.

Padre amesimama hapa akanisifu kwa dakika ishirini. Amesema mimi ni nguzo, nami nikaitazama miguu hii iliyovimba. Amesema nyumba yangu ilikuwa mkono wa kuume wa kanisa. Halafu akasema neno ambalo mlilipigia makofi kuliko yote, kwamba katika miaka thelathini na moja mama huyu hakuwahi kulalamika hata siku moja. Ni kweli, Padre. Sikuwahi. Naomba radhi kwako na kwa Baba Askofu, kwa sababu leo nitalalamika, na sijui kama nitapata nafasi nyingine ya kushika kipaza sauti hiki.

Mnamkumbuka mume wangu. Mlimwita Baba Kinanda, naye alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na baba yake. Mwaka jana, asubuhi ya Jumapili ya Matawi, alikuwa anafunga vifungo vya shati aje kupiga kinanda, mkono wa kushoto ukakataa. Nilidhani anafanya masihara. Mzee wangu alikuwa mtu wa masihara sana. Nikamwambia, "Baba, acha mchezo, kengele ya pili imeshalia." Akanitazama, mdomo umekwenda upande, nikajua kwamba haukuwa mchezo.

Daktari alisema ni kiharusi, akaturudisha nyumbani. Na nyumbani kwetu mnapajua. Ni nyuma ya ukuta huu. Dirisha la chumba chetu likiwa wazi, mtu aliye kitandani anasikia hata Padre akikohoa. Siku ya Pasaka alinisihi nilifungue. Akasikiliza yule kijana wa watu mliyemkalisha kwenye kinanda, niliporudi akaniambia kwa ule ulimi wake mzito, "Huyu anakimbia. Nani anamfukuza?" Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na sikujua ni machozi ya nini.

Sasa nisikilizeni vizuri. Katika kanisa letu, kila Jumapili, baada ya watu wote kupokea Meza ya Bwana, wahudumu sita hutoka na visanduku vidogo kuwapelekea wagonjwa majumbani. Ni jambo zuri, na ndilo linalotufanya tujiite mwili mmoja. Visanduku hivyo nilikuwa navipanga mimi: mkate, kichupa cha divai, kikombe kidogo, kitambaa kilichokunjwa mara tatu. Kubeba si ruhusa yangu. Kubeba ni kwa wale sita waliowekewa mikono. Mimi napanga, nafunga, nampa mtu mkononi, namwambia nenda salama.

Jumapili ya kwanza, asubuhi ya siku hiyo hiyo ya Pasaka, mume wangu aliniambia nimnyoe. Nikamnyoa, nikamvika shati jeupe, nikatandika kimeza kando ya kitanda. Kitambaa nilikitoa kwenye kabati la sakristia, kipana kidogo kuliko vingine, kilikuwa kimekaa chini kabisa kwa miaka kwa sababu hakienei kwenye visanduku. Nikaweka na kiti cha mhudumu kukalia. Kisha nikaja kanisani, nikapanga visanduku sita, nikavitoa vyote sita, nikarudi nyumbani mbio. Mzee akaniuliza, "Wamefika?" Nikamwambia, "Wako njiani." Kwetu si mbali. Ni hatua mia moja na arobaini, nimeshazihesabu. Tukakaa mpaka shati likakunjamana, nikamvua.

Jumapili ya pili hivyo hivyo. Ya tatu hivyo hivyo. Mtauliza, mama, kwa nini hukusema? Nami nimejiuliza swali hilo mwaka mzima. Jina lake lilikuwa likisomwa katika maombi ya wagonjwa kila wiki, nikilisikia nikiwa nyuma ya pazia na sahani mkononi, na ninyi nyote mkiitikia Bwana utusikie. Nilidhani mnajua. Na hata nilipoona kwamba hamji, nilikuwa na kiburi changu. Nilijiambia, mtu anayewafungia visanduku kwa mikono yake, je, apige na magoti kuomba kimoja? Siku moja mlangoni Padre aliniuliza hali ya mzee. Nikasema yuko vile vile. Akanishika bega akasema, "Tunamwombea, mama," akaenda kusalimia wageni. Padre, usiinamishe kichwa. Bado sijamaliza, na si wewe peke yako.

Jumapili sita. Sita za Pasaka, Aleluya zinaingia dirishani. Ile ya sita hakuuliza tena kama wamefika. Aliniambia, "Mama, kunja kitambaa, usije ukakichafua bure." Alhamisi yake, siku ya Kupaa, akafariki.

Na mazishi yake, jamani, mliyafanya. Hilo siwezi kuwanyima. Baba Askofu ulikuja mwenyewe. Kwaya tatu, mashada sijui mangapi, mshumaa mkubwa wa Pasaka kichwani mwa jeneza, nami ndiye niliyeukwangua nta asubuhi yake ili ung'ae. Siku ile kila mtu aliijua njia ya kwetu. Wale wahudumu sita ndio walioshika jeneza. Niliwatazama wakipita mlangoni kwangu nikasema moyoni, kumbe wanaingia.

Mwaka mzima nimewachukia. Nasema wazi, kwa sababu nimechoka kuitwa nguzo. Niliwafulia vitambaa huku nawachukia, nikatandika madhabahu huku nawachukia, na mlipoitikia kwamba Bwana amefufuka kweli kweli, mimi nyuma ya pazia nilikuwa kimya. Nilipanga siku ya leo niwaambie hayo tu, niwaachie saa yenu, niende zangu.

Lakini Jumatatu iliyopita nilianza kusafisha kabati ili nikabidhi. Nikakutana na daftari la wagonjwa, lile la jalada la kijani ambalo siku hizi huandikwa na katibu. Sikuwa nimelifungua kwa miaka. Nikatafuta ukurasa wa Pasaka ya mwaka jana. Jina la mume wangu lilikuwapo, la mwisho kabisa, Jumapili zote sita, na mbele yake kila mara herufi mbili: M, N. Sikuelewa. Nikafungua nyuma, nyuma zaidi, mpaka ukurasa wa kwanza wa daftari, na hapo nikakuta maelezo. "M.N., maana yake mtumishi nyumbani. Nyumba yenye mtumishi wa kanisa itahudumiwa mwisho, nafasi ikipatikana, kwa kuwa hao kanisa wanalo ndani." Mwandiko ule niliujua mara moja, ndugu zangu, kwa sababu ni wangu.

Ndipo nikakumbuka. Miaka kumi na tisa iliyopita, katika ukumbi huu huu, wagonjwa walikuwa wengi na wahudumu wachache. Halmashauri ikavutana mpaka saa saba mchana. Nikasimama mimi, nina njaa, nataka kikao kiishe, nikatoa wazo hilo. Mkanipigia makofi kama mlivyonipigia leo. Nikaliandika kwa mkono mzuri, na tangu siku hiyo hakuna aliyelifuta, hakuna aliyeliuliza. Katibu hakunionea. Wahudumu hawakunionea. Walifuata nilichoandika.

Nikakaa sakafuni pale sakristia na daftari mapajani. Nilitaka sana kuendelea kuwachukia, maana chuki nilikuwa nimeizoea, na sasa sikujua niiweke wapi.

Jumanne nikalipeleka daftari kwa Fundi, dukani kwake. Fundi, naomba uniruhusu niseme. Nilitaka kujua nani alikuwa wa kwanza kuandikiwa herufi zile, na daftari lilinionyesha: mama yake mzazi. Wakati ule Fundi alikuwa karani wetu wa mlangoni, kijana mpole, hivyo nyumba yao ikawa na mtumishi. Nikamwekea ukurasa juu ya cherehani. Akasimamisha mguu, akasoma, akavua miwani.

"Dada," akaniambia, "mama alisubiri majuma tisa."

Nikamwuliza, "Na wewe mbona hukusema?"

"Nilidhani unajua."

Halafu akaniuliza swali ambalo sikulitarajia. "Kile kitambaa kipana nilichokuletea baada ya mazishi ya mama, bado unacho? Nilikishona kwa ajili ya kimeza cha mama. Hakikutumika. Nikaona aibu kukikatia kitu kingine, nikakileta kanisani kiwafae wagonjwa."

Baba Askofu, mimi ni mfuaji. Kitambaa kinachotoka mezani kwa Bwana najua doa lake, najua kila mhudumu anavyomwaga. Hiki hapa. Tazameni, nakikunjua. Ni cheupe kama kilivyotoka kwenye cherehani. Kimetandikwa kando ya vitanda viwili, kimesubiri pamoja na watu wawili mpaka wakafa, na katika miaka thelathini na moja ndicho kitambaa pekee ambacho sikuwahi kukifua.

Fundi, mbele ya wote hawa: nisamehe. Mama yako nilimwandika mwisho kwa sababu nilikuwa na njaa. Nanyi nyote niliowachukia, nisameheni hilo, ingawa sisemi kwamba hamkunikosea. Mngeweza kuja bila daftari. Hatua mia moja na arobaini haziandikiwi kanuni.

Sasa nakurudia wewe, Chai Moja, mwanangu. Baba yako, aliyetutengenezea baiskeli wote humu, amelala tangu wiki ya pili ya Kwaresima, mguu umeshakatwa. Daftari la leo asubuhi nimelisoma. Baba yako ni wa mwisho, na mbele yake ziko herufi mbili, kwa sababu wewe unatupikia. Asubuhi hii umeamka ukamnyoa, sivyo? Nimekuuliza jikoni ukaniambia umemwachia shati jeupe kitini. Halafu ukaja kutuchemshia chai ya kuniaga mimi.

Ule ukurasa wa kwanza nimeuchana. Uko hapa mfukoni mwangu, na kama Halmashauri inaudai, itaniita. Visanduku sita vimesharudi viko mezani sakristia. Lakini leo asubuhi nilipanga visanduku saba, Padre, nawe ukabariki vyote saba bila kuhesabu. Cha saba hakijatoka.

Kwa hiyo sherehe hii naomba isimame kidogo. Chakula kimefunikwa, hakitaharibika. Padre, chukua kisanduku. Fundi, chukua kitambaa, wewe ndiye mwenye nacho. Chai Moja, weka birika chini uwaonyeshe njia. Baba Askofu, kama miguu inakuruhusu, mzee yule atafurahi. Sisi wengine tutakaa hapa tuwasubiri, ili kwa mara moja sisi ndio tuonje kusubiri kulivyo.

Na kitambaa kikirudi na doa, msimpe mtu mwingine. Nileteeni mimi. Hicho nitakifua kwa mikono yangu, maji yake niyamwage pale pale nyuma ya sakristia, ndipo nitakapowakabidhi funguo.

Nawashukuru kwa kunivumilia mpaka hapa. Padre, mlango wa sakristia sijaufunga.