Sista Générose na Vidole vya Wenye Mafua

Ijumaa hii, tarehe 27 Juni 2025, Sista Générose Uwera anastaafu baada ya miaka ishirini na minane ya uuguzi katika Kliniki ya Umuravumba, hapa mlimani Rebero. Kamati ya sherehe imenikabidhi mimi, Melchior Kagabo, mkuu wa utawala, kazi ya kumsifu. Nadhani waliponichagua walicheka sana.

Sista alilelewa Ngara, Tanzania, akasomea uuguzi hukohuko, akarudi nyumbani na Kiswahili kilichotuaibisha sisi wengine. Alipoajiriwa mwaka 1997, kliniki ilikuwa na vyumba viwili na mizani moja iliyompunguzia kila mtu kilo tatu. Wagonjwa waliipenda, yeye akaitupa wiki ya kwanza.

Tabia yake moja ilitukera. Kila aliyekuja na mafua au kikohozi, alimchoma kidole ampime sukari. Alieleza kwamba kirusi cha kifua kikimkuta mwenye kisukari, hasa asiyejijua, sukari hupanda ovyo, mwili ukaanza kuyeyusha mafuta hadi damu ikajaa asidi. Mlinzi mmoja kutoka Nyarutarama alilalamika: "Muganga, mimi iko na kikohozi, sasa kidole iko na kosa gani?" Foleni nzima ilicheka. Sista alicheka pia, kisha akamchoma.

Mimi sikucheka. Kila mwaka tunatia saini imihigo, yaani ahadi za kazi ambazo kila idara hupimwa nazo, na ahadi yetu ilikuwa mgonjwa wa mafua aondoke ndani ya dakika ishirini. Kwa Sista walitoka baada ya thelathini. Nikaandika waraka kwamba vidole vya wenye mafua viachwe, kisha waraka wa kukumbusha waraka. Alisoma, akasaini kwa mwandiko mzuri, akaendelea kuchoma. Miaka sita mfululizo nilimpa alama za chini kuliko wote. Mimi mwenyewe alitaka kunipima mara tatu, nikakataa kwa heshima ya waraka.

Julai 2021 korona ilinipata, nikalazwa humuhumu. Wageni walikatazwa, ila Fanta hazikukatazwa, na desturi yetu ya kumpelekea mgonjwa soda za pole mnaijua. Liliane, mke wangu, aliziacha getini kreti kwa kreti. Nilikuwa na kiu isiyokatika, nikazinywa zote huku nikishukuru upendo wa watu.

Siku ya nne nilianza kuhema kama niliyeupanda mlima wetu mbio. Daktari Kiprotich aliagiza mtungi wa oksijeni, maana siku zile nani aliwaza kitu kingine zaidi ya mapafu? Sista alitazama kipimo cha oksijeni, kikasoma tisini na sita. Kama mapafu yanatosha, mtu huyu anahemea nini? Aliinama akanusa pumzi yangu, ikanuka matunda yaliyoiva kupita kiasi. Safari hii sikuwa na nguvu ya kukataa. Alinichoma, na mashine ikashindwa kutoa namba, kwa kuwa sukari ilikuwa imepita mwisho wa kipimo chake. Mkojo ulithibitisha asidi. Muda si mrefu nilikuwa nimetundikiwa maji na insulini, na kwa siku mbili alinipima kila saa. Daktari Kiprotich anasema tungekawia saa chache tu, oksijeni ingenifikia vizuri kabisa, nami ningekufa nayo.

Nilipopona niliandika waraka wa tatu: kila mwenye mafua makali apimwe sukari. Ulisifiwa kama ubunifu wa idara ya utawala, nikapewa tuzo, nami nikaipokea. Iko ofisini kwangu hadi leo. Sista amewahi kuipangusa vumbi na kuirudisha mahali pake. Naona aibu kuyaandika haya, lakini ndiyo kweli.

Sista Générose, wafanyakazi wote wanakushukuru. Wanakuombea afya, usingizi wa kutosha, na majirani wasiokohoa.

Langu mimi ni hili. Desemba iliyopita nilimwoza binti yangu Ihirwe, nikasimama kwa miguu yangu mbele ya wageni, na kila mtu akampongeza baba wa bibi harusi. Wewe ulikaa meza ya nyuma ukila taratibu, na katika hotuba yangu ndefu sikukutaja. Nakutaja leo, mama. Uishi vema.