Meza ya Bawabu wa Ngazi Sifuri

Ijumaa tarehe 30 Juni, saa tisa alasiri, idara yetu ya programu ilimpoteza Bawabu. Hakufa, Mungu ashukuriwe. Amestaafu, baada ya miaka thelathini na moja na miezi minne ya kutengeneza mashine zinazosoma mapigo ya moyo ya wagonjwa wodini. Jumatatu iliyofuata tukapoteza na jambo la pili, nalo nitalifikia.

Jina la Bawabu alilipata kwa ubishi. Ndani ya prosesa, ubongo wa kompyuta, mna ngazi za mamlaka. Programu iliyo ngazi sifuri, kwenye kiini cha mfumo, inagusa kila kitu bila kumwuliza mtu. Iliyo ngazi ya tatu hubisha hodi kwa kiini na kungoja ikaribishwe. Zamani viendeshi vyote, yaani vile viprogramu vinavyozungumza na kipimajoto, skrini au printa, vilikaa ndani ya kiini kama wenye nyumba. Ndivyo tulivyozoea, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Kosa lililobadilisha mambo lilikuwa langu. Niliingia hapa kufagia karakana, bila cheti. Bawabu ndiye aliyenipa kiti na kunifundisha. Mwaka wangu wa tatu nikaandika kiendeshi cha kipimajoto, nacho kikaandika namba mahali pasipo pake katika kumbukumbu ya kiini. Mashine iliyohudumia vitanda kumi na viwili ikazimika kwa sekunde tisini na nne. Hakufa mtu. Lakini muuguzi mkuu alikuja mwenyewe ofisini. “Wanangu,” alisema, “tulikuwa wanne, mikono minane. Wagonjwa kumi na wawili tungewashikaje mapigo?” Hesabu hiyo sijaisahau.

Bawabu hakunigombeza. Alinivutia kigoda, akaniuliza swali moja tu: kiendeshi hiki kikifa, nani mwingine anakufa? Nikaanza kuhesabu vitanda. “Basi kitoe nje,” akasema, akaenda kuchemsha chai.

Kwa miezi kumi na mmoja tulihamisha viendeshi kumi na tisa hadi ngazi ya tatu, kila kimoja na chumba chake cha kumbukumbu. Wenzetu walicheka sana. “Mzee, mashine yako inabisha hodi mpaka chooni!” Naye hakukasirika: “Kwani wewe chooni unaingiaje?” Alikiri kwamba kila hodi inakula muda kidogo. Ila kiendeshi kikiangukia nje, kinawashwa upya chini ya sekunde moja, na mstari wa moyo unaendelea kwenye skrini kama hakikutokea kitu. Hadi siku anaondoka, rekodi zetu zilionyesha maanguko 6,212 ya viendeshi. Mashine zilizozimika kwa ajili hiyo: sifuri.

Tangu hapo ikawa desturi. Anayetaka kiendeshi chake kiingie ngazi sifuri huketi kwenye kile kigoda, mbele ya meza ya Bawabu, na kuandika jibu la swali lile katika daftari la jalada la buluu, ukurasa mmoja, na sahihi. Wameketi watu arobaini na watatu. Arobaini na mmoja waliandika jibu, wakalisoma wenyewe, wakainuka na kuondoka na viendeshi vyao.

Kwenye sherehe ya kumuaga, mkewe alituvunja mbavu: “Nyumbani kwangu, kiini ni mimi. Jikoni atabisha hodi kama wengine.” Tulicheka, kisha tukakumbuka kwamba kesho yake yeye ndiye angekuwa naye, si sisi. Mpaka leo, nikikwama, natunga swali zima kichwani, nageuza kiti, nakuta ukuta. Saa nne asubuhi masikio yananisimama kusikiliza kijiko chake kikigonga kikombe mara tatu. Hakigongi.

Sasa lile la pili. Jumatatu tarehe 3 Julai, kwa amri ya Mkuu wa Idara, kiendeshi cha printa kilirudishwa ndani ya kiini. Kigodani hakuketi mtu. Tuliambiwa uchapishaji utaongezeka kasi kwa asilimia saba. Ukurasa wetu huchukua sekunde tisa. Asilimia saba yake ni sekunde sifuri nukta sita tatu. Sijamwona muuguzi aliyeziomba.

Mzee wetu, ahsante kwa kiti, kwa chai, na kwa kila mgonjwa ambaye hakujua kwamba ulikuwepo. Ulale mchana bila simu ya wodi, ule ushibe, na wajukuu wakuingilie chumbani bila hodi.

Na wewe, Mkuu wa Idara: daftari la buluu liko pale pale mezani, limefunguliwa ukurasa wa arobaini na nne, kalamu iko juu yake. Alhamisi tarehe 13 saa nane mchana toleo jipya la programu linapelekwa wodini. Kabla ya saa sita siku hiyo, kwa mkono wako na sahihi yako, tujibu: kiendeshi cha printa kikifa, nani mwingine anakufa?