Dada Yetu, Aliyeifundisha Mikono ya Roboti Kuhisi

Ndugu waombolezaji, familia imenituma mimi, mdogo wake marehemu, nisome historia hii, ikanionya nisichekeshe watu, nami nimeahidi kujitahidi.

Dada yetu, ambaye nyumbani tulimwita Bi Shoti kwa sababu alizoea kusugua sweta yake ya nailoni kisha kutugusa masikio tukaruka, alizaliwa tarehe 9 Juni 1966, mtoto wa kwanza wa wazazi wetu, mimi nikiwa wa pili na wa mwisho, kwa maana waliponiona waliamua inatosha.

Alianza shule ya msingi Januari 1973, akahitimu ufundi umeme Novemba 1988, na tarehe 3 Agosti 1991 akafunga ndoa na shemeji yetu, fundi cherehani, mtu mpole aliyevumilia vitambaa vyake kuibwa kwa ajili ya majaribio, wakajaliwa mabinti wawili, mwaka 1993 na 1996.

Kuanzia mwaka 2009 alifanya kazi katika maabara ya chuo, akitengeneza vihisio, yaani vipande vyembamba vya mpira na nailoni vinavyobandikwa kwenye vidole vya roboti, ambavyo vikiguswa huzalisha umeme vyenyewe bila betri, na mkono ukajua umeshika nini. Tarehe 17 Mei 2016, mbele ya wakaguzi wa mradi, aliniita niushike mkono huo ili taa iliyounganishwa nao iwake, lakini viganja vyangu, kama mjuavyo mlionisalimia leo, hutoa jasho kama bomba bovu, na jasho huua umeme ule, basi taa ikagoma, mkaguzi mmoja akauliza kama mimi ni mtu au nimechorwa, na mradi ukasimamishwa. Nilipomwomba dada radhi alinijibu kwamba mkono usionitambua mimi bado haujakamilika, na ingawa mradi ulisimama yeye hakusimama, tangu siku hiyo nikawa kipimo chake, naitwa kila Jumatatu nilete jasho langu.

Februari 2019 aliugua ugonjwa wa neva, vidole alivyopimia kazi yake vikafa ganzi kimoja baada ya kingine, naye hofu yake ilikuwa moja tu, viishe kabla hajamaliza. Tarehe 22 Oktoba 2021, akiwa amebakiwa na hisia kwenye kidole gumba cha kulia tu, alivifunika vihisio kwa utando usiopitisha maji, nikaushika mkono wa roboti, taa ikawaka, shemeji akalia, nami nikabaki nautikisa ule mkono mpaka nikaambiwa niuachie.

Mwishoni mikono yake haikuhisi kitu, hivyo binti mkubwa akambandikia kihisio kiganjani, chenye taa ndogo, ajue kwa macho kwamba ameshikwa. Tarehe 11 mwezi huu, saa nne asubuhi, nilimminya kiganja, taa ikawaka, akaitazama, akasema huyu bomba bovu amefika. Nikaminya tena, taa ikawaka, hakuitazama.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upole, majirani waliotupikia na kutufulia, na wenzake wa maabara, waliositisha kazi leo ili wawe nasi.

Dada, umetuhisi vya kutosha, sasa ipumzishe mikono yako kwa amani.